Sloti ya Pili

Kuo Jung-tsai alikuwa mkuu wa mauzo, na kama wakuu wengi wa mauzo aliamini kwamba kitu kikionekana, basi kipo. Imani hiyo ilimtendea mema. Ilimpatia nyumba kule Yonghe, kando ya Taipei, ghorofa ya nne, alikoishi na mama yake mzazi, na ilimpatia kitambi cha heshima kilichotangulia kuingia kila chumba alichokwenda. Kitu kimoja tu hakikuja. Katika miaka yake yote kwenye kampuni ile ya bodi za kompyuta, hakuna aliyewahi kumletea jambo ili aliamue. Walimletea mambo ili ayauze. Yaliamuliwa ghorofa ya tano, na Mwenyekiti Yen na makamu wake Lien, kisha yakashuka ngazi hadi kwake yakiwa yamepoa kama wali wa jana, naye akayapasha moto na kuyapeleka sokoni.

Kwa hiyo uliposikika uvumi kwamba kampuni itaongeza makamu mwingine, Kuo alikitaka kiti kile mpaka akakosa hamu ya kula, na kwa Kuo hilo si jambo dogo. Alitaka watu wapange foleni mlangoni pake, karatasi mkononi, wasiwasi usoni, wamuulize: tufanye hivi au tufanye vile? Alikwishajizoeza hata namna atakavyonyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Hapo akafanya kosa ambalo mwanamume wa makamo mwenye mama aliye hai hapaswi kulifanya. Alimwambia mama yake.

Kabla ya wiki kwisha, jengo zima lilijua. Muuza mchicha wa maji alijua, fundi wa pikipiki alijua, na mashangazi wote wa Chiayi, mji wa kusini, walikuwa wameanza kutafuta nguo za karamu. Bibi Kuo alikuwa ameshamshika mpishi wa sherehe, yule anayefunga hema la mistari barabarani na kupika kamba wakubwa na supu ya kuku mweusi, akamwambia asipokee kazi nyingine mwezi wa saba.

"Mama, bado hawajanitangaza."

"Watakutangaza. Una sura ya kutangazwa."

"Na wasiponitangaza?"

Bibi Kuo alikuwa anamenya vitunguu saumu. Hakuinua uso. "Basi unitafutie njia nyingine ya kurudia nyumbani, maana kwa muuza mchicha mimi sipiti tena."

Kuo akaona maji yamemfika shingoni. Uongo wa mama yake ulikuwa umeshapewa hema na mpishi, ikabaki yeye kuufanya uwe kweli. Tegemeo lake likawa bodi mpya.

Kwa ambaye hajawahi kufungua kompyuta, bodi mama ni ule ubao mpana ambao vitu vyote vya ndani hupachikwa juu yake. Prosesa, ndiyo inayofikiri, hukaa karibu na juu. Chini yake zimepangwa sloti, yaani mianya ya plastiki ya kuchomekea kadi za ziada: mifupi kwa kadi za sauti na mtandao, mirefu kwa kadi ya picha, ile nene yenye feni yake, inayochora kila unachokiona kwenye skrini. Miaka ile vijana wa michezo ya kompyuta walikuwa wameshikwa na kichaa kipya. Kadi moja ya picha haikuwatosha. Walitaka mbili kwenye bodi moja, zimeunganishwa kwa kidaraja kidogo, hii ichore picha moja na mwenzake ichore inayofuata, zipokezane kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Bodi za kufanya kazi hiyo sawasawa zilikuwa ghali. Kampuni ya Mwenyekiti Yen ilitengeneza za bei nafuu, zenye sloti moja ndefu, na vijana walikuwa wanazipita madukani kama maduka ya majeneza.

Kuo akapata wazo. Akashuka hadi chumba cha wahandisi, ambako Pai Shu-fen, mwanamke mwembamba aliyechora bodi zote za kampuni, alikuwa anakula chakula chake cha mchana kutoka kwenye boksi.

"Mhandisi, niongezee sloti ndefu ya pili kwenye hii bodi ya bei nafuu."

Shu-fen alitafuna nyama yake mpaka ikaisha. "Meneja Kuo, sloti ni mdomo tu. Chakula kinapita kwenye koo. Sloti ya kwanza ina njia kumi na sita, zinakwenda moja kwa moja kwa prosesa. Hii chipu haina nyingine za kugawa. Hiyo ya pili niiunganishe wapi, hewani?"

"Hakuna hata vijinjia vilivyobaki?"

"Viko vinne. Kule chini, wanakobanana diski na mtandao na kipanya. Ukiipitisha kadi ya picha kule ni sawa na kuingiza lori uchochoro wa soko la usiku."

"Lakini itaingia."

"Kuingia itaingia."

"Na itawaka."

"Itawaka."

"Sasa tatizo liko wapi, dada yangu? Mteja anahesabu sloti, hahesabu nyaya. Umewahi kumwona mtu dukani amepiga magoti anahesabu nyaya?"

"Nimewahi. Mimi mwenyewe."

"Ndiyo maana wikendi hakuna anayekupigia simu."

Shu-fen alicheka, kwa sababu ilikuwa kweli, kisha akasema yeye atachora anachoambiwa na ghorofa ya tano. Ghorofa ya tano ilikubali siku ileile. Kipande cha plastiki kirefu ni kitu rahisi. Kuo akachagua rangi ya machungwa kwa sloti zote mbili ili zifanane kama mapacha, akaagiza boksi lenye joka la vichwa viwili, na ukweli kuhusu zile njia nne akauandika nyuma ya boksi, chini kabisa, kwa herufi ambazo hata chungu angehitaji miwani.

Ikabaki kumpata mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Valdemar Kruger wa Curitiba, Brazili, ambaye akiipenda bodi huichukua kwa makontena na kuisambaza kusini kote mwa nchi ile. Angekuja kwenye maonyesho makubwa ya kompyuta ya mwezi wa sita. Mwenyekiti Yen, bibi kizee mdogo mwenye koti moja la kijivu alilolivaa kiangazi na masika, alisema kikaoni bila kumtazama mtu: "Atakayemleta Kruger nitamkumbuka viti vitakapopangwa." Kuo alitazama meza ili watu wasimwone anavyong'aa.

Mpango ulikuwa kuweka kompyuta mbili bandani, moja yenye kadi moja na nyingine yenye kadi mbili, zote ziendeshe mchezo mmoja, na kwenye pembe ya skrini namba ionyeshe ni picha ngapi zinachorwa kwa sekunde. Kruger aone kwa macho yake kwamba mbili zinaishinda moja. Wakajaribu kwanza ofisini, wafanyakazi wamesimama nyuma na vikombe vya chai ya maziwa. Mashine ya kadi moja ikachora picha hamsini na nane. Ya kadi mbili ikachora hamsini na moja, tena kwa kurukaruka, shujaa wa mchezo akawa anakimbia kama mtu mwenye jiwe kiatuni.

"Imeharibika," Kuo alisema.

"Haijaharibika. Inafanya ulivyoitaka."

"Mimi niliitaka iwe haraka."

"Uliitaka iwe na sloti mbili." Shu-fen akagusa kioo kwa kalamu. "Kadi ya kwanza inamaliza zamu yake, inasimama kumngoja mwenzake. Mwenzake bado yuko uchochoroni anaomba kupita. Ukiwa peke yako unakwenda kwa mwendo wako. Ukiwa na mwenzako mgonjwa unakwenda kwa mwendo wake."

Kuo hakutaka kusikia habari za uchochoro. Alizunguka mashine akitafuta wa kulaumiwa, na akampata upesi, kwa sababu katika ofisi zetu wa kulaumiwa huwa yuko palepale juu ya mashine. Hakuna mtu mwenye akili timamu katika Taipei anayewasha mashine ya maana bila kuiwekea pakiti ya kijani ya vile vitafunwa vya mahindi vyenye ladha ya nazi, vya kula watoto, vyenye jina ambalo kwa Kichina maana yake ni 'kaa kwa adabu'. Benki wanaziweka, hospitali wanaziweka, na wanaosema hawaamini wanaziweka nyuma ili zisionekane. Mashine ikiona pakiti inatulia na kufanya kazi kwa adabu. Iwe ya kijani, maana kijani ni taa ya mambo kwenda. Ya njano au nyekundu ni kujitafutia balaa. Isiliwe. Na isiwe imepitwa na tarehe.

Kuo akaigeuza pakiti iliyokuwa juu ya ile kompyuta. Ilikuwa imepitwa na tarehe tangu mwezi uliopita.

"Nani ameweka hii?"

Msichana wa manunuzi akasema yeye alinunua, hakuweka. Mtu wa ghala akasema aliweka, lakini siku aliyoweka ilikuwa bado nzima. Mhasibu alikumbusha kwamba mwaka juzi mtu alikula pakiti ya kwenye mtambo wa barua pepe na barua zikapotea, na kila mmoja akamtazama mtu wa ghala, ambaye alikuwa mnene. Suala la njia nne halikutajwa tena na yeyote. Watu waliosoma umeme chuo kikuu wakakaa wanajadili tarehe ya vitafunwa kwa uzito ambao hawakuwahi kuutoa kwa bodi.

Shu-fen alimhurumia Kuo. Si kwamba alimpenda, ila alimjua mama yake, na alikuwa amepata mwaliko wa karamu. Akauondoa ule mchezo mzito, akatafuta kitu chepesi: bwawa la samaki wekundu wanaogelea chini ya majani. Samaki wote wanaenea ndani ya kadi zenyewe, hakuna mzigo mkubwa wa kupitisha kwenye zile njia nne, na kila kadi inachora bila kumsumbua mtu. Akawasha. Kadi moja ilichora sabini. Kadi mbili zikachora mia na kumi.

"Umeona?" Kuo alisema, kijasho kikimkauka.

"Nimeona. Nimebadilisha onyesho. Bwawa halina mizigo ya kubeba, ndiyo maana..."

"Tumebadilisha pakiti," Kuo alisema.

Na kweli, msichana wa manunuzi alikuwa ametoka mbio dukani akarudi na mpya, akaiweka juu dakika ileile Shu-fen alipowasha. Dini nyingi zimeanza kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Kuo akaipigapiga ile pakiti kwa upendo, kama mtu anayempongeza farasi. Shu-fen akarudi kwenye meza yake.

Asubuhi ya maonyesho Kuo alifika bandani kabla ya wenzake. Mvua ilikuwa inanyesha, ukumbi unanuka makoti mabichi na zulia jipya, na mabanda ya jirani yalikuwa yanajaribu vipaza sauti na wasichana wa kugawa mifuko. Akazitazama kompyuta zake mbili zenye ubavu wa kioo. Pakiti ilikuwa juu ya kasha, imelegea, haipendezi. Na mnunuzi anakuja, na namba mia na kumi haimtoshi mtu anayetaka kiti. Kuo alipiga hesabu zake: ikiwa pakiti ikikaa juu ya paa imeongeza picha arobaini, ikikaa ndani, karibu kabisa na kadi zenyewe, itaongeza ngapi? Hakukuwa na wa kumjibu. Lilikuwa jambo la kuamuliwa, na kwa mara ya kwanza maishani lilikuwa limemjia yeye. Alinyamaza kidogo, kama alivyojizoeza. Kisha akafungua ubavu wa kasha, akaibana pakiti katikati ya kadi mbili, ikaenea vizuri, akafunga na kufuta alama za vidole vyake.

Sasa kadi ya juu ina feni, na feni ile inatazama chini, inavuta hewa kutoka kwenye ule mwanya uliobaki kati yake na kadi ya pili. Ni mwanya wa vidole viwili. Mtu yeyote aliyewahi kuunga kompyuta anaujua na anauogopa.

Kruger alifika akiwa na mifuko ya mabanda mengine saba imemning'inia mabegani. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, anayetokwa na jasho, na alizungumza kile Kiingereza kibovu ambacho kila mtu kwenye ukumbi ule alikizungumza, kwa hiyo walielewana vizuri. Mwenyekiti Yen alikuwa amesimama kando na koti lake la kijivu. Shu-fen alishika kipanya. Kuo akatanguliza kitambi.

"Bwana Kruger, hapa kuna kadi moja. Hapa kuna kadi mbili. Bodi ni ya bei nafuu, lakini sloti ndefu ni mbili. Tazama namba."

Samaki wakaogelea. Mia na kumi. Kruger akatikisa kichwa kuonyesha ameona. Mia na nane. Kuo akaanza kueleza joka la vichwa viwili. Themanini. Kruger akainama karibu zaidi. Hamsini na tano, thelathini, kumi na mbili, na samaki wakaanza kwenda kwa kuvutwa, mmoja mmoja, kama wazee wanaopanda ngazi, kisha wakasimama majini na midomo wazi. Ikatoka harufu. Haikuwa harufu ya moto. Ilikuwa harufu nzuri sana ya nazi iliyokaangwa, na kijana wa banda la jirani akaja kuuliza vitafunwa vinagawiwa wapi.

Shu-fen alizima umeme, akafungua kasha, akachungulia. Alikaa hivyo kwa muda, mgongo wake kwa watu, na Kuo aliona mabega yake yanatikisika, hakujua kama analia au anacheka. Pakiti ilikuwa imefyonzwa na feni ya kadi ya juu, imeng'ang'ania, imejikunja kwa joto. Haikutoka mpaka kadi ya pili ichomolewe kwanza. Akaichomoa, akaiweka mezani. Akaibandua pakiti, akaiweka mezani pia, mbele ya mnunuzi. Kisha akawasha mashine kama ilivyo, na kadi moja. Samaki wakaogelea vizuri kabisa.

Kruger aliitazama sloti ya pili, tupu sasa, yenye rangi yake ya machungwa.

"Hii ina njia ngapi?"

Kuo alihisi Mwenyekiti anamtazama shingoni. Aliona hema la mistari linashushwa, aliona mama yake anazunguka mtaa wa nyuma kumkwepa muuza mchicha. Maneno mazuri yote aliyoishi nayo yakamkimbia. Akabaki na neno moja, na ni la kweli.

"Nne."

"Nilidhani," alisema Kruger. Akaivuta ile pakiti karibu, akaipasua, akala kitafunwa kimoja, akala kingine. Watu wa banda lile wakatazamana kama waliomwona mgeni anakalia madhabahu. "Ngoja nikwambie habari za kwetu. Mteja wangu ni kijana anayemsumbua baba yake amnunulie kompyuta. Baba anakubali kwa shida. Wananunua kadi moja, ya kulipa kidogo kidogo. Ya pili kijana anasema ataipata Krismasi. Krismasi inakuja, haipati. Anasema Krismasi ijayo. Kwa mwaka mzima nauza bodi nyingi za sloti mbili, na wanaorudi kununua kadi ya pili hawajazi gari dogo. Lakini ile nafasi lazima aione. Asipoiona, hanunui. Vitamu hivi."

"Kwa hiyo," alisema Kuo polepole, "njia nne..."

"Hata ungeweka moja. Ila rangi ibaki hiyohiyo."

Akaagiza makontena, palepale, mdomo umejaa.

Kuo alitangazwa mwezi ule wa saba, siku ya kuwatolea mizimu sadaka, wakati meza za matunda na vinywaji zimepangwa mbele ya kampuni na ndoo ya kuchomea karatasi inafuka moshi. Mwenyekiti alisema kwa kifupi kwamba kuanzia leo Kuo Jung-tsai ni Makamu wa Pili wa Mwenyekiti, watu wakapiga makofi. Karamu ilifanyika. Kamba walikuwa wakubwa, mashangazi walilia, na Bibi Kuo alizunguka meza zote akiwa na kikombe cha juisi, akisema maneno yaleyale kwa kila meza na kuyafurahia kila mara kama mapya. Kuo alilewa, akaimba, akaanguka kwenye kiti, na siku ile alikuwa na furaha tele, nani amnyime.

Ofisi yake ilikuwa ghorofa ya tano, ubavuni mwa ofisi ya Lien. Ukubwa ni uleule. Meza ileile, kiti kilekile cha ngozi, dirisha lilelile la kutazama mto. Kuo alikaa, akapanga kalamu, akaiweka simu mahali ambapo mkono utaifikia bila haraka, akasubiri.

Mlango wa Lien ulifunguliwa na kufungwa kutwa. Watu walisimama mle koridoni na karatasi zao na nyuso zao za wasiwasi, wakaingia kwa Lien, wakatoka na kazi. Wakipita kwa Kuo waliinama kwa heshima. Yeye aliletewa kadi za kuwatakia wateja siku njema za kuzaliwa atie saini, na ruhusa za likizo za madereva. Siku moja liliingia jambo la kweli, bahasha nene kutoka kiwandani, moyo ukamruka, lakini mletaji alikuwa mgeni na alikuwa amekosea mlango. Alishukuru, akaichukua, akaipeleka kwa jirani.

Akajikaza, akaenda kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti, naona sijaletewa jambo."

"Jambo gani, Jung-tsai?"

"Lolote. La kuamua."

"Mambo anaamua Lien. Wewe nani amekusumbua?"

"Hakuna aliyenisumbua. Ndilo hilo ninalosema."

Bibi kizee akammiminia chai kwenye kikombe kidogo kama kifuniko. "Kruger alipokuja kutia saini alisoma kadi yako ya jina. Alifurahi sana. Wageni wanapenda kampuni yenye makamu wawili, wanaiona kubwa. Lien mmoja alikuwa anatosha kwa kazi, lakini kwa macho ya watu hakutosha."

"Sasa mimi..."

"Kaa bila wasiwasi. Sitakuondoa. Gharama yake ni meza na kiti tu."

Kuo alikunywa chai yote kwa mkupuo mmoja, akaungua ulimi, akashukuru. Hakuwa mjinga. Mtu aliyeuza maisha yake yote anajua anapouziwa. Ilimuuma, na kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuona kosa katika hesabu ya yule bibi. Angekuwa yeye, angefanya vilevile, na pengine angechagua na rangi.

Mwezi wa nane mama yake alikuja kuiona ofisi. Alikuja amevaa zile nguo za karamu, na mfuko wa mapera kwa ajili ya wafanyakazi wa mwanawe. Alipapasa meza kutoka pembe hadi pembe. Alikalia kiti cha wageni, akasimama, akakalia kiti cha ngozi, akazunguka nacho mara moja. Akatazama mto. Kisha akatulia, mikono juu ya meza tupu.

"Kazi zako ziko wapi, mwanangu?"

"Zinakuja, mama."

Ng'ambo ya ukuta Lien alikuwa anaamua. Sauti yake ilipenya, hivi ndiyo, hivi hapana, hivi mngojee wa kiwandani, na viatu vya watu vikaingia na kutoka. Bibi Kuo alikuwa mzee lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alisikiliza kwa muda mrefu. Simu ya mwanawe haikulia, wala hakuna kiatu kilichosimama mlangoni. Kuo alipanga kalamu upya asimtazame mama yake, na mama yake, mwanamke aliyeshinda kila ugomvi wa jengo lile tangu lijengwe, hakusema neno la kumkaripia wala la kumpoza.

"Wakiniuliza kule nyumbani," alisema mwishowe, "nitawaambia una kazi nyingi mno, hata simu huwezi kupokea."

Akainuka, akaenda kuufunga mlango, wapitaji wadhani kuna kikao.